Uzi Mwekundu, Uzi wa Bluu

Mama mshona magunia wa soko la dagaa la Mwaloni, pale Kirumba, ana maneno machache. Hulowesha uzi kwa ulimi, huvuta, hukata kwa meno. Wateja wake wakubwa walikuwa wafanyabiashara wawili wa Burundi, wa makabila mawili ambayo yalikuwa yakiuana kule kwao. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kujaza lori peke yake, walilijaza pamoja: dagaa wa mmoja walishonwa kwa uzi mwekundu, wa mwenzake kwa uzi wa bluu. Mama hakufunga gunia la mwisho mpaka wote wawili wafike, na wakisubiriana walikula ugali sahani moja. Mwanzoni kimya, baadaye kwa utani.

Mwaka tisini na sita nchi jirani zikaifungia Burundi mipaka. Lori halikuja. Mvua za vuli zikanyesha, dagaa wakaanza kunuka.

"Wamewafungia hadi wapatane, mama," alisema Oyugi, kuli wa pale.

Sindano ikasimama. "Na hapa walikuwa wanafanya nini?"

Mama akaanza kufumua nyuzi, nyekundu na za bluu, akimwaga dagaa wa wote wawili kwenye lundo moja, chakula cha kuku.