Aliyemjibia Mwanawe

Mwanakuu aliugua tangu utotoni, na watu wa Kibokoni wakamsifia ugonjwa wake. Wageni wakipiga hodi alijificha jikoni. Akisalimiwa njiani koo lilimkauka na mikono ikamtetemeka, naye akaona ni heri azunguke vichochoro vitatu kuliko kupita mbele ya baraza moja lenye watu. Mamake akiona hayo alifurahi. "Mwanangu ana haya," alikuwa akisema kwa majivuno. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kama ile ni haya au ni hofu. Mji huu ukiona msichana hasemi, humpa sifa na kumwacha hapo hapo.

Alipokuwa na miaka ishirini akaposwa na Shukri, muuza vipuri wa Makupa. Hakumtaka. Siku tatu aliyapanga maneno yake: sitaki, baba, niwie radhi. Baba akaingia na mashahidi wawili, akamuuliza. Maneno yakafika kooni, yakakwama. Mwanakuu akainamisha kichwa. Kimya cha mwari ni ridhaa yake; ndivyo ilivyowekwa, kwa kumhurumia mwenye haya, asilazimishwe kutamka mbele ya wanaume. Huruma hiyo ndiyo iliyomfunga. "Yuwaridhika," alisema baba, na vigelegele vikapigwa.

Shukri hakumpiga hata siku moja. Yeye alikuwa na lake: wageni wakija, humwita mkewe alete kahawa, wapate kusikia vikombe vinavyogongana kwenye sinia. Wakicheka, naye hucheka. Miaka kumi na minne Mwanakuu aliibeba sinia ile. Shukri alipofariki, Mwanakuu alimlilia, maana mume ni mume, lakini eda haijaisha alimtuma binti yao wa pekee, Raihana, akaitupe sinia jaani.

Riziki yao ilikuwa vikuba, vile vishada vya asumini ambavyo wanawake hutia kifuani wakienda harusini. Mwanakuu alitunga nyumbani, wifi yake akamuuzia sokoni Makadara. Wifi alipohamia Lamu, ikawa ama Mwanakuu atoke mwenyewe, ama walale njaa. Siku ya kwanza hakufika hata mwisho wa mtaa. Moyo ulimwenda mbio hata akadhani anakufa, na wapita njia wakamfikisha zahanati.

Ndiko alikokutana na Sidi, mama wa Kigiriama aliyekuwa mshauri wa wagonjwa.

"Moyo wako mzima, dadangu," Sidi alimwambia. "Unaowaogopa ni watu."

"Basi na nisiwaone."

"Umewakimbia miaka yote hii. Umepona?"

Sidi akamwambia asianze na mlima, aanze na kizingiti. Kila alasiri asimame mlangoni pake, avute pumzi, na ile ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Asirudi ndani moyo ungali unadunda; arudi ukishatulia, maana kila anapoikimbia hofu huzidi kuinenepesha. Kizingiti kikizoeleka, amsalimie mtu mmoja kabla hajasalimiwa. Kisha aende dukani aulize bei ya kitu asichonunua, atoke. Na kila akirudi, Sidi alimuuliza maswali yale yale mawili: ulidhani litatokea nini, na limetokea nini?

Zoezi gumu kuliko yote lilikuwa kukosea kwa makusudi. Jioni moja Mwanakuu alimwendea muuza mbaazi akamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote, "Sabalkheri!"

"Masalkheri, mama," yule bwana akajibu. "Ndiyo kwanza waamka?"

Watu wakacheka. Mwanakuu akasubiri afe. Hakufa. Alipewa mbaazi zake akaenda zake, na njiani akajikuta anacheka peke yake.

Ilimchukua miaka miwili. Mwisho wake alikuwa na meza yake Makadara, akigombana na wenye tuktuk waliomzibia njia. Majirani wale wale waliomsifia haya wakaanza kunong'ona kuwa mjane wa Shukri ameota mdomo. Ndio watu hao.

Lakini jioni alirudi nyumbani amechoka, maneno yote yamebaki sokoni. Na nyumbani alikuwapo Raihana, aliyekuwa akitoweka jikoni kila hodi ilipopigwa. Mwanakuu aliviona vile vidole vinavyotetemeka, akavijua ni vyake, akajiambia mtoto atakua. Aliwauliza wauza duka wote wa Makadara bei za vitu asivyovitaka. Hakumuuliza mwanawe kitu.

Raihana alipotimiza miaka ishirini, Bi Sheikha wa Mbaraki alimposea mwanawe, Sheikhan. Walii, mwenye haki ya kumwoza, alikuwa Hussam, nduguye marehemu Shukri, naye akaikubali posa kisha akamwarifu Mwanakuu kwa simu. Siku tatu Raihana hakula. Mwanakuu akaona sahani zinarudi zilivyokwenda, akazikumbuka siku tatu zake mwenyewe, akakata shauri.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Hussam alikuja na mashahidi wawili. Bi Sheikha alikuwa amekwisha keti na wanawake wenziwe. "Raihana mwanangu," alisema Hussam, "wamridhia Sheikhan akuowe?"

Raihana akainamisha kichwa. Leso ikamtetemeka mikononi.

"Alhamdulillahi," alisema Hussam. "Kimya ni ridhaa."

Mwanakuu alisimama. Moyo ulidunda, akatoa pumzi ndefu kama alivyofundishwa. "Sivyo, shemeji. Hii si ridhaa, ni hofu. Nami nalinyamaa hivi hivi nikaozwa nduguyo nisiyemtaka. Mwanangu hamumuozi kwa kimya. Hamtaki!"

Alisema bila kukwama hata neno moja. Bi Sheikha alijifunika buibui lake. "Sisi hatukuja kunyang'anya mtoto wa mtu," alisema, na wenziwe wakamfuata nje. Raihana alifumbua kinywa, akakifumba. Mamake aliona, akadhani anataka kumshukuru.

Magharibi ilipoingia, simu ya Mwanakuu ililia. Ujumbe ulitoka chumba cha pili. "Namtaka. Mwaka mzima twaandikiana. Sikula kwa furaha na kwa kuogopa watu watakaokuja. Ungeniuliza, mama."

Mwanakuu alikwenda Mbaraki kuomba radhi. Bi Sheikha akampa sharti moja: msichana aje mwenyewe katika wiki mbili, atamke kwa kinywa chake kuwa anamtaka Sheikhan. Mwanakuu akakimbilia kwa Sidi.

"Wewe ulichukua miaka miwili," Sidi alimwambia. "Huyu wampa siku kumi na nne?"

Walijaribu. Kizingiti siku nne, salamu siku sita. Siku ya mwisho Raihana alisimama mlangoni kwa Bi Sheikha, akavuta pumzi, akaitoa ndefu. Mlango ukafunguliwa. "Haya, nena," alisema Bi Sheikha. Raihana akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Bi Sheikha, mwanangu..." Mwanakuu alianza.

"Wewe ushanena."

Sheikhan ameoa kwingine. Raihana sasa huenda kwa Sidi peke yake, na juzi jirani alimhadithia Mwanakuu kuwa amemkuta Makadara akitaniana na muuza mbaazi, wote wanacheka. Mwanakuu hakuamini, kwa kuwa nyumbani hajapata kuisikia sauti hiyo.

Kila alasiri mama na binti huketi mkekani na kutunga vikuba vya harusi za watu, na kila alasiri Mwanakuu humuuliza lile swali moja analolijua sasa.

"Raihana, umeniwia radhi?"

Raihana huinamisha kichwa, akaendelea kutunga. Mikono yake haitetemeki tena. Mwanakuu hungoja jibu mpaka maua yakaisha, na hapana shahidi wa kumwambia kuwa kimya kile ni ridhaa.