Muhogo wa Usiku Mumoja

Ulimuona. Usiniambie haukumuona.

Ulimuona ule mutoto kwenye njia ya soko la Nchelenge, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana kama yamefungwa kamba. Ukasema moyoni, "Kilema tu, maskini." Ukageuza uso, ukaendelea kuchagua nyanya.

Leo haugeuzi. Kaa hapa.

Ule mutoto ni Princesse, wa mama Débora, jirani yangu. Ana miaka minane. Alilala mutu wa kukimbia. Asubuhi akaamka, miguu ikakatala.

Hakuanguka. Hakuwa na homa. Aliita tu: "Mama, miguu yangu iko wapi?"

Na miguu ilikuwa palepale, migumu kama miti.

Aliyefanya vile ni mimi. Jina langu Lévi.

Sisi ni watu wa ng'ambo ya ziwa, Congo. Tulivuka mwaka 2017 tukikimbia vita, tukapitia kambi ya Kenani, kiisha wakatupeleka kwenye mashamba ya wakimbizi. Shule niliachia darasa la tano. Lakini kusoma ninajua, na chochote kilichoandikwa ninameza: gazeti lililofungia chumvi, karatasi ya dawa, téléphone ya mutu.

Tena sisahau. Ninakumbuka nani alitupatia mahema yenye matundu. Ninakumbuka nani alisema maharagwe yenye wadudu ni chakula kizuri. Nilipiga kelele mpaka wakubwa wakatoka ndani ya ofisi, maharagwe yakabadilishwa.

Toka ile siku watu wakaniita Présida.

Haki ilikuwa upande wangu mara moja. Ile mara moja njo iliniharibu.

Bon. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, serikali ikafunga ziwa kama kila mwaka, ili samaki wazaane. Miezi mitatu hakuna kuvua. Samaki akapotea kwenye sahani. Ikabaki bukari, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe, majani yake, asubuhi na jioni.

Muhogo wetu ni ule muchungu. Kila mama anajua kazi yake: unamenya, unauloweka ndani ya kiziba, kile kidimbwi cha kule bondeni, siku ine, mpaka unalainika na kunuka. Kiisha unaanika, unatwanga.

Lakini njaa ilileta wezi. Mama anaweka muhogo kwenye kiziba leo, kesho kutwa anakuta mayi tu.

Wakanijia. "Présida, tufanye nini?"

Ningeweza kusema: tulinde kiziba kwa zamu. Ningeweza kusema: sijui.

Présida hajui? Haiwezekani.

Nilikuwa nimesoma kwa téléphone kwamba kuna watu wanachimba muhogo asubuhi, wanaula siku ileile. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Siku ine ni mambo ya wazee wasiosoma! Lowekeni nyumbani, ndani ya ndoo, usiku mumoja. Inatosha! Tuone mwizi ataiba nini!"

Wakapiga makofi.

Mustari wa chini sikuusoma. Mustari wa chini ulisema: muhogo mutamu.

Wiki ya sita, Princesse. Siku tisa nyuma yake, binti wa Kafula mushonaji. Kiisha wawili pamoja, mama na mutoto wake, asubuhi moja, nyumba moja.

Watu wakaanza kuogopa usingizi. Mama anaamsha watoto na jambo la kwanza si "umeamkaje". Ni "simama nione".

Wengine wakanong'ona ulozi. Mimi, mutu wa kusoma, nikawacheka. Nikasema ni pampu. Ile pampu mupya iliyochimbwa mwezi wa kumi.

"Hesabuni miezi! Pampu imekuja, miguu imekufa!"

Tukang'oa mukono wa pampu muchana kweupe, tukiimba.

Toka pale mayi yakatoka mbali, kichwani mwa mama. Ndoo ya kuloweka ikakuwa nusu ndoo.

Ni Mama Luse aliyekuja. Mubemba wa kijiji cha Kabuta, anatuuzia chumvi na sabuni. Kiswahili chake ni cha soko. Alisimama mbele ya nyumba yangu, watu wamejaa.

"Présida, mukwai, naomba kuuliza. Muhogo munaweka mu mayi siku ngapi?"

"Usiku mumoja. Unauliza juu ya nini?"

Akashika kichwa. "Awe! Hapana, tata! Ule muhogo iko na sumu. Nkambo yangu, bibi aliyenilea, alisema, sumu isipotoka, miguu inakauka. Siku ine, tata. Ine!"

Watu wakaniangalia. Niliona shaka ndani ya macho yao. Na ile shaka iliniuma kuliko miguu ya watoto. Ndiyo, kuliko miguu ya watoto. Soma tena kama haukuamini.

"Mama Luse," nikasema, "nkambo yako alifika darasa gani?"

Wakacheka.

"Hakusoma," akajibu. "Lakini alizeeka anatembea."

Wakacheka zaidi, na sasa walinicheka mimi. Damu ikanipanda. Nikaita watoto wangu wawili.

"Ruka!" Wakaruka.

"Kimbieni mpaka kwa pampu, murudi!" Wakaenda kama swala, wakarudi hata bila kuhema.

"Hawa wanakula muhogo wa usiku mumoja! Miguu yao iko na nini? Sema, mama. Iko na nini?"

Mama Luse alimuangalia muke wangu, Angèle, aliyesimama mulangoni. Angèle akaangalia chini.

Nilidhani anaona haya mbele ya mugeni.

Juma lililofuata nesi akaja na daftari. Akakunja na kukunjua miguu ya Princesse, kiisha akauliza: "Muhogo munaloweka siku ngapi?"

Mama Débora alifungua kinywa. Nikamutangulia.

"Siku ine. Sisi hatuko wajinga."

Sikutaka mutu wa kliniki aje kutufundisha bukari. Ni ile tu. Hakuna sababu ingine kubwa, usiitafute.

Nesi akaandika ine, akafunga daftari, akaenda kutafuta ugonjwa mwingine. Débora akaniangalia. Présida ameshasema.

Jumapili, kiisha ibada, nilizunguka nyuma ya nyumba. Angèle alikuwa anaanika muhogo. Mweupe. Laini. Nikachukua kipande, kikavunjika mukononi kama mukate.

Usiku mumoja hautoi muhogo wa namna ile.

"Umeloweka siku ngapi?"

Akageuza kipande kingine juani.

"Angèle. Siku ngapi?"

"Ine. Toka mwanzo. Kwenye kiziba cha Mama Luse, kule Kabuta. Ninapelekaga na baiskeli."

"Na haukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Alicheka kicheko kikavu kama kikohozi. "Nani alishakuambia kitu, Lévi, ukasikia? Niliokoa wangu. Wale wengine, Mungu anisamehe. Niliogopa kinywa chako."

Kumbe wale watoto niliowarukisha mbele ya watu, ushahidi wangu wote, walikuwa wanatembea kwa sababu mama yao hakunisikiliza.

Unafikiri nilikimbia kwa Débora?

Nilikaa siku tano.

Nilijiambia nitasema polepole. Nitasema kesho. Nitasema "kuna habari mupya imetoka", kama vile kosa lilijifanya lenyewe. Siku tano nilitafuta sentensi ambayo mimi simo.

Na kila jioni, moshi wa bukari ulipanda nyumba kwa nyumba, nami nikauangalia.

Siku ya tano, mudogo wangu Cadette, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anatwanga. Mutoto wake akalia. Akaacha muchi, akageuka amufuate.

Miguu ikakatala.

Alibaki amesimama, mikono imenyooka kwa mutoto, hafiki. Wamama wakacheka kwanza, walidhani anacheza.

Nilipofika alinishika bega. "Ya Lévi, kaka yangu, lakini pampu tuliing'oa. Sasa ni nini tena?"

Njo pale nilisema. Yote, mbele ya wote. Muhogo. Nesi. Angèle. Zile siku tano.

Débora hakunipiga. Alitema mate, akaingia kwake, akatoka na ndoo ya muhogo, akaimwaga mulangoni kwangu. Kafula akafanya vile. Nyumba kwa nyumba wakaja, mpaka mulango wangu ukazibwa na muhogo.

Nesi akarudi. "Uliniambia ine."

"Nilisema uongo."

Akafungua daftari, akafuta ile ine. Akataja jina la ugonjwa: konzo. Akasema miguu iliyokauka vile hairudi kama zamani.

Pampu tulitengeneza. Kiziba kinalindwa kwa zamu, na toka pale hakuna aliyeongezeka. Lakini wale watano wako. Wanne ni wa ujinga wangu, na ujinga labda Mungu anausamehe. Cadette si wa ujinga. Nilikuwa ninajua.

Na wewe je?

Usinitumie pole. Usiandike "Mungu mukubwa" hapa chini halafu uende. Kuna neno ulilisema kwa nguvu, kanisani, darasani, nyumbani kwako, na leo unajua halikuwa kweli. Limekuja kichwani sasa hivi. Unalisukuma.

Kukosea ni dakika moja. Kinachokausha miguu ya watu ni zile siku unatafuta namna ya kusema bila kushuka kwenye kinu chako.

Shuka. Enda kwa ule mutu leo, jua likiwa bado juu, useme: nilikosea. Usiweke "lakini".

Weka téléphone chini. Simama. Kuna mutu anakula neno lako sasa hivi.