Gitaa la Karani wa Fort Ternan

Kaka yangu alikufa kwa homa katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kericho unaoelekea Sotik, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Tulikuwa tumetoka pamoja nyumbani, kando ya ziwa, tukaandikishwa kazi siku moja, tukapewa chumba kimoja. Alizikwa nyuma ya mikaratusi, mahali palipotengwa kwa wageni wanaofia mbali na kwao. Nilishika sepetu kama wengine. Tulipomaliza, nyapara aliniambia nipumzike siku hiyo. Nikamwambia hapana, nikanawa mikono, nikaenda kazini.

Nilifanya kazi kwenye dari ya kiwanda, ambako majani mabichi hutandazwa juu ya magunia yaliyowambwa ili yanyauke kabla ya kushushwa kwenye mashine. Hewa ya moto ilipanda kutoka chini, harufu ya majani ikajaa puani. Ilikuwa kazi ya mikono tu, haikutaka kichwa. Nilitandaza majani siku ile kama nilivyoyatandaza jana yake.

Watu wa kwetu waliokuwa pale laini walingoja nilie. Kwetu mtu akifiwa hulia kwa sauti, kijiji kizima kijue. Walikuja jioni baada ya jioni, wakaimba nyimbo za kanisa, wakanitazama usoni. Niliona midomo yao ikicheza. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake, akaamka na kuushika, akadhani ni mkono wa mtu mwingine. Mwishowe wakachoka kuja. Nilisikia mmoja wao akisema nje ya mlango kwamba mimi nina moyo wa jiwe. Sikumchukia. Niliona pengine amesema kweli.

Kitanda cha kaka hakikukaa wazi. Karani wa shamba aliniletea mtu kutoka milima ya magharibi, Mluhya mwenye kifua kipana, msaidizi wa jikoni katika nyumba ya meneja. Aliingia na mkeka, sufuria na Biblia, akatazama ule ubao uliokuwa kitanda.

"Omera," akasema, maana alikuwa amejifunza neno hilo la kwetu la kuita rafiki, "huyu aliyekuwa analala hapa amehamia wapi?"

"Amekufa. Alikuwa kaka yangu."

Aliweka sufuria chini. Kisha akaupindua ubao, upande wa chini ukawa juu, akatandika mkeka wake, akakaa. Hakusema pole. Ningempenda kwa jambo hilo, kama siku zile ningekuwa na kitu cha kupendea.

Nami nikamwita mulamwa, yaani shemeji kwa lugha ya kwao. Ilikuwa utani tu, hakuna aliyeoa dada wa mwenzake. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliongea akipika, aliongea akivua viatu, na mimi nilimwacha aongee kama mtu anavyoiacha mvua inyeshe.

Kulikuwa na dereva mmoja kutoka Uganda aliyewahi kulala pale laini akiwa na gitaa. Mulamwa alimsikia akilipiga, na tangu siku ile hakuwa na hadithi nyingine. Alitaka gitaa. Alikuwa ameweka akiba, haikuwa kubwa. Akasikia kwa watu wa kwetu kwamba baba yangu alikuwa mpiga nyatiti, zeze la kwetu la nyuzi nane, yule anayeitwa kwenye matanga na kwenye harusi, na kwamba tangu utoto nilikuwa nikimkazia nyuzi.

"Wewe una sikio," akaniambia. "Mimi nina pesa kidogo na mikono miwili. Twende ukanichagulie."

"Sina hamu, mulamwa."

"Sikukuomba hamu. Nimekuomba sikio."

Jumamosi baada ya mshahara tukaenda Kericho.

Gitaa lilikuwa katika duka la Mhindi mmoja, limetundikwa kati ya mablanketi na taa za kandili. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na pembeni mwa tundu lake limechorwa maua meupe. Mulamwa alipoliona alivua kofia. Mwenye duka aliliteremsha kwa kijiti chenye ndoano, akalifuta vumbi kwa kanzu yake.

"Mali ya Ulaya," akasema. "Mpya. Shika, shika."

Mulamwa alilishika kama mtoto wa wenyewe, kisha akanipa mimi. Nikaliinua, nikafumba jicho moja, nikaitazama shingo kwa urefu wake kama baba alivyokuwa akitazama kijiti kabla ya kukitia kwenye nyatiti. Ilikuwa imepinda. Nyuzi za chuma zilikaa juu mno, mbali na shingo, hata mtu mwenye vidole vya jembe angeumia kuzibana. Nikapiga uzi mmoja mmoja. Sauti ilitoka kali, ikafa papo hapo. Nilipobana karibu na tumbo, uzi ulilia kama nzi ndani ya chupa.

"Limepinda shingo," nikasema.

"Wewe fundi?" akauliza mwenye duka.

"Hapana."

"Basi umejuaje?"

"Limepinda tu."

Nikamrudishia. Mulamwa alikuwa bado anayatazama yale maua. Nadhani mtu mwingine yeyote angemwonea huruma, angesema labda litanyooka, labda nyuzi zitashuka. Mimi wekundu wake haukuniingia. Niliona mbao na waya, na mbao zilikuwa mbaya.

Njiani alinitangulia, kofia bado mkononi. Tulipofika karibu na laini ndipo akasimama. "Hata lingekuwa bovu," akasema, "ungeniacha nifurahi mpaka nyumbani."

"Uliniomba sikio."

Alinitazama, akatikisa kichwa, tukaendelea kutembea.

Dereva wa lori la shamba, lile lililopeleka masanduku ya chai kwenye reli, ndiye aliyetuambia habari za Fort Ternan. Karani wa stesheni pale, Mhindi wa Goa, alikuwa anahamishwa kwenda pwani na anauza vitu vyake, gitaa likiwemo. Tulimngoja dereva awe na safari ya huko, akatupakia juu ya masanduku. Kadiri tulivyoteremka baridi ilitutoka mwilini, yakaanza mashamba ya miwa. Mulamwa aliimba njia nzima. Mimi nilishika kamba.

Karani alikuwa mtu mfupi mwenye mvi, amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kooni. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye reli, na ndani vitu vilikuwa vimeshafungwa kwa kamba. Gitaa lilikuwa juu ya kiti, peke yake.

Halikuwa na rangi ya kupendeza. Mbao zake zilikuwa za kahawia hafifu, tumbo limechakaa pale mkono unapopita, na ubavuni palikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi zamani. Nyuzi tatu zilikuwa za utumbo wa kondoo, tatu nyingine za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba. Niliona uso wa mulamwa ukisawijika.

"Nani atalipiga?" akauliza karani.

"Mimi, bwana karani," akasema mulamwa.

"Na huyu?"

"Huyu anasikiliza."

Karani akanipa gitaa. Nikaitazama shingo. Ilikuwa imenyooka. Nikagonga tumbo kwa kidole, nikaweka sikio. Likajibu kwa ndani, kama mtungi mzuri. Nikapitisha ukucha kwenye ule ufa, haukuwa na uwazi. Nikapiga uzi mnene nikangoja. Sauti ilikaa, ikakaa, ikaondoka taratibu. Kigingi kimoja kilikuwa kinateleza, nikamwonyesha.

"Hicho paka chaki," akasema karani. "Mimi hufanya hivyo kila mwaka."

Kisha akalichukua, akaketi, akapiga. Sijui ulikuwa wimbo gani. Ulikuwa wa polepole, na alipiga akitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila tangi la maji la treni. Mulamwa alifuta macho kwa kiganja. Mimi nilisikia kwamba sauti ni nzuri, kama vile mtu asiye na njaa anavyojua kwamba ugali umeiva. Nikamnong'oneza mulamwa: "Chukua hili."

Walipatana. Pesa za mulamwa hazikutosha, karani akakubali hizo pamoja na kuku wawili watakaoletwa na dereva safari ijayo. Alipotukabidhi gitaa hakuliachia mara moja.

"Sikilizeni nyinyi wote wawili. Hili ni gitaa la utumbo. Msilitie waya wa chuma. Chuma kinavuta sana, kitang'oa hili daraja, hiki kijiti kinachoshika nyuzi tumboni. Mmenisikia?"

"Tumesikia, bwana karani."

Tulirudi nalo limefungwa ndani ya blanketi.

Basi likawa maisha yetu. Mulamwa alipiga kila jioni, wimbo mmoja, huo huo, na kila jioni alikosea mahali pale pale. Majirani walicheka, wengine walikuja kukaa mlangoni. Baridi ya Kericho na mvua ya kila alasiri viliziharibu nyuzi. Mara zimelegea, mara zimekaza. Aliniomba nizirekebishe, nami nikazirekebisha, kwa vile mikono yangu ilikuwa haina kazi saa hiyo. Hakuniuliza tena habari za kaka. Mimi pia sikujiuliza.

Siku moja uzi mwembamba ulikatika. Tukaagiza mwingine Kisumu kwa yule dereva. Haukuja. Ukakatika wa pili. Mulamwa akaanza kununa, akawa anapiga gitaa lenye mapengo kama mzee anayetafuna.

Kisha alasiri moja nilikuwa natoka kiwandani, nguo zangu zina vumbi la chai, nikasikia gitaa kutoka mbali. Sauti ilikuwa kubwa, kali, haikuwa sauti yake. Nikaongeza mwendo. Mulamwa alikuwa amekaa mlangoni, anacheka. Alikuwa amepata waya wa breki ya baiskeli, akausokotoa, akatoa nyuzi nyembamba, akalifungia gitaa zote sita.

"Sikia, omera! Sasa linafika mpaka kwa meneja!"

Nikainama nikatazama. Tumbo lilikuwa limevimba. Chini ya daraja palikuwa na mwanya wa kuingia ukucha, na palikuwa panalia, ki, ki, taratibu, kila alipopiga.

Sijui nilianzaje. Nilijikuta nikipiga kelele. Nilimwita mjinga, nikamwita mbwa, nikamwambia aliambiwa, aliambiwa mbele yangu, na mwenyewe akasema amesikia. Nikamwambia kuna watu hawawezi kupewa kitu. Nilisema na mengine kwa lugha ya kwetu ambayo hakuyaelewa. Watu walitoka vyumbani. Nilijaribu kuvilegeza vigingi, nikavikosa.

Mulamwa alinitazama tu, mdomo wazi. Nilipoishiwa pumzi, aliliweka gitaa kitandani, akalegeza waya mmoja mmoja mpaka kile kilio kikanyamaza. Ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Omera. Kumbe umo."

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe la kufulia nguo. Sikulia. Sitasema nililia. Ilikuwa hasira, na ilikuwa hasira ya gitaa, sitaki kuipamba iwe ya kitu kingine. Lakini nilipokaa pale niliona miguu yangu ina baridi, na kwamba jiwe limelowa, na kwamba sijala tangu asubuhi. Mulamwa alipoleta sahani nilikula yote, na alipoongeza nikala tena.

Gitaa tulilipeleka kwa seremala anayetengeneza masanduku ya chai. Alichemsha gundi ya ngozi, akaipenyeza chini ya daraja kwa unyoya wa kuku, akatuambia tulilaze na tulikandamize kwa kitu kizito. Tukalilaza chini, tukaweka ubao, juu yake mfuko wa unga wa posho, na wiki ile tulikula kwa majirani ili mfuko usipungue. Nyuzi za utumbo zikaja hatimaye. Sauti haikurudi yote. Ilikuwa imepungua kidogo upande wa chini, na mulamwa akasema yeye hasikii tofauti. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani. Nilikuwa nimekwenda mara moja kabla, mara tu baada ya mazishi, nikatoa habari kama karani anayesoma majina, nikaondoka. Safari hii mama alinikalisha jikoni. Akaniuliza mambo ambayo hakuwa ameuliza mwanzo: nani alimwosha, alifunikwa blanketi gani, mara ya mwisho alikula nini.

"Uji, mama."

"Ulikuwa na sukari?"

"Haukuwa nayo. Alisema hautaki mtamu."

"Ndiyo," akasema mama. "Huyo hakupenda sukari." Akachochea moto. Nikamweleza yote, polepole, mpaka mwisho. Yeye alilia. Mimi niliongea, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mulamwa baadaye alipata kazi ya upishi kwa Mzungu mmoja upande wa Kaplong, akaenda na gitaa lake. Nasikia alipiga kwenye harusi nyingi kule, na kwamba alijifunza nyimbo nyingine. Kitandani mwake akaja mtu mwingine.

Maneno ya Fort Ternan yalikuwa yameshaenea pale laini. Vijana wakipata pesa ya gitaa walinijia, hata kutoka mashamba ya mbali, nikafuatana nao hadi Kericho, na siku moja hadi Ndanai, ambako mfanyabiashara alikuwa nalo moja bovu kabisa. Nilitazama shingo, nikagonga tumbo, nikasikiliza uzi mmoja mmoja. Mara nyingi nilisema liache. Mara chache nilisema chukua. Kijana mmoja Mkisii aliniuliza tukiwa dukani kwa nini mimi mwenyewe sinunui.

"Vidole vyangu havina wimbo," nikamwambia.

"Hata mmoja?"

Nilikumbuka ule wimbo mmoja wa mulamwa, na mahali alipokosea kila jioni. Mwenye duka alikuwa anamngoja kijana amlipe, na mvua ilikuwa inakuja.

"Labda mmoja," nikasema. "Lipa twende."