Gari la Viti Viwili Nililolicheka

Habari ilinifikia Jumatano asubuhi nikiwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu. Aliyepiga simu ni mama mmoja Mkongo anayesuka nywele Yeoville, ambaye tunasali naye kanisa moja hapa Johannesburg. Alitaja jina la mwanawe, kisha akasema, "Prof, mutoto ameenda." Nikamwuliza ameenda wapi, swali la kijinga, maana nilikuwa nimekwisha kuelewa. Wengi waliopata habari ile siku hiyo walidhani ni ajali, kwa kuwa kijana huyo alijulikana kwa gari lake kuliko kwa jina lake. Haikuwa ajali. Alikuwa amekwenda Uvira, kwao Kongo, kwenye harusi ya mjomba wake, mara yake ya kwanza kurudi tangu aletwe huku akiwa na miaka sita, na hakumeza dawa ya kuzuia malaria. Aliwaambia wenzake kazini kwamba mbu wa kwao hawawezi kumdhuru. Aliporudi ilikuwa Julai, baridi inauma na kila mtu ana mafua, kwa hiyo homa ilipomshika alijifunika blanketi akanywa chai ya tangawizi. Siku ya tano walipomfikisha hospitali, malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Kosa hilo ni letu sisi tulioishi mbali miaka mingi. Tunaiita nyumbani nyumbani, tukasahau kwamba miili yetu imekwisha kuhama. Yeyote anayefunga sanduku kwenda kusalimia, tafadhali apitie kwanza duka la dawa.

Nimeandika hayo kwanza kwa sababu ndiyo rahisi. Gumu ni kwamba nilikuwa na neno la kumwambia kijana huyu, nikakaa nalo mwaka mzima, na sasa nawaambia ninyi.

Alipata kazi mwaka 2015, ya kutengeneza programu za kompyuta katika kampuni moja kule Sandton. Nyumbani kwao La Rochelle, mtaa wa hapa hapa jijini, ambako waliishi yeye, mama na dada yake mdogo, kazi ile ilipokewa kwa maombi ya siku tatu. Baada ya miezi michache mama yake akaniomba nimsindikize kununua gari, kwa kuwa baba hayupo na mimi naonekana mtu wa busara. Nilikubali upesi, sitaficha kwamba nilijiona. Nikajiandaa kama mtu anayekwenda kuoza binti. Niliandika orodha: viti saba, buti kubwa, vipuri visivyosumbua, rangi isiyoonyesha vumbi. Tulipofika kwenye yadi ya magari yaliyotumika, nilikuwa bado namsalimia mwenye yadi kijana alipopita kati ya yale magari ya maana, akaenda moja kwa moja hadi nyuma, penye gari dogo la Kijapani la rangi ya manjano, paa la kitambaa la kufungua, viti viwili tu. Aliinama akachungulia ndani, akacheka peke yake. Nilimwuliza kijana, mama yake atakaa wapi?

"Hapa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho ndiyo ni njo, akigusa kiti cha abiria. "Hii ingine njo ya mimi. Papa Prof, tangu niko mutoto mi napanda hizi taksi za watu kumi na tano, magoti ya mutu kwa mgongo yangu. Nataka kusikia upepo kidogo tu."

Nilimpa hotuba ya nusu saa. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanishukuru, akalinunua lile lile.

Msomaji asiyejua maisha yetu ya hapa atashangaa ni kitu gani kiliniudhi. Kanisa letu liko ghorofa ya pili ya jengo la zamani katikati ya jiji. Ibada ikiisha, wenye magari tunasimama chini mlangoni, na mama mmoja wa mapokezi, mwenye sauti ya afande, anagawa watu: hawa watano wa La Rochelle kwa gari la fulani, wale wa Yeoville kwa Prof. Hakuna anayemwuliza mwenye gari. Ni hivyo hivyo mgeni anapofika uwanja wa ndege, mtu anapojifungua, maiti inapotoka mochwari. Kwetu gari hununuliwa na mmoja na kuhesabiwa na wote, na wengi wetu tusingeweza kuishi katika jiji hili bila desturi hiyo. Kwa hiyo kijana wa kanisani anapopata mshahara wake wa kwanza kisha akanunua gari la viti viwili, mbele ya macho yetu ni kama amesimama madhabahuni akatangaza kwamba tusimtegemee. Hivyo ndivyo nilivyoona, na nilikuwa na kalamu.

Wasomaji wa zamani wa safu hii ya gazeti wataikumbuka makala niliyoandika juu ya gari lile. Iliwachekesha wengi, na niliipenda mno. Nililiita gari lile kikopo. Nilisema lina nafasi ya dereva na kiburi chake. Nilisema kizazi hiki kimebebwa na mama zao mgongoni, kikipata cha kwanza kinakwenda kununua upepo. Sikumtaja kwa jina, kama ilivyo kawaida yangu, lakini gari la manjano la viti viwili pale kanisani lilikuwa moja tu. Baadaye nilisikia kwamba wateja walimsomea mama yake makala hiyo saluni, mmoja akiwa chini ya mikono yake anasukwa, wakacheka mpaka machozi. Mama yule akaacha kupanda gari la mwanawe. Kwa miezi kadhaa alikwenda na kurudi kazini kwa taksi, nalo gari limeegeshwa mlangoni kwake, kwa sababu hakutaka kuonekana amekaa kwenye kikopo cha Prof. Nilipoambiwa hayo nilisema watu wanapenda kukuza mambo.

Kijana mwenyewe alinijia Jumapili ya kwanza baada ya makala kutoka. Nilijiweka tayari kwa ugomvi, nikawa nimekwisha kupanga na majibu. Akanipa mkono kwa mikono miwili kama siku zote, akasema, "Papa Prof, nilisoma. Uliandika muzuri. Lakini haukupanda." Akanifungulia mlango wa abiria. Nikacheka, nikamwambia mgongo wangu ni wa mtu mzima, nikaenda zangu kwenye gari langu ambako watu sita walikuwa wananisubiri. Nakumbuka nilijisikia mshindi.

Kilichofuata sikukielewa, ingawa kilikuwa kinatendeka mita ishirini kutoka nilipoegesha. Mama wa mapokezi, ambaye hakubali gari liende tupu, alianza kumpangia kijana mtu mmoja mmoja. Kijana alimpeleka wa kwanza hadi Yeoville, akarudi kumchukua wa pili, akarudi tena. Wale kina mama walijifunga mitandio ya pili juu ya vilemba upepo usivichukue, wakawa wanagombea zamu. Mimi niliichukulia kuwa michezo tu. Jumapili nzima ya kijana ilikwisha hivyo, na msidhani alikuwa anateseka. Alipenda kuendesha kuliko kula, alikamatwa kwa mwendo kasi mara nyingi, na alikuwa akiimba vibaya sana. Alitafuta raha na aliipata. Ila katika gari lile, mtu aliyeketi kando yake hakuwa na mwingine wa kumsikia, wala hakuwa na mwingine wa kumwogopa, na kina mama wakaanza kusema.

Mmoja wao ni fundi cherehani, mjane, mkazi wa Yeoville. Tulikuwa tukimtania kanisani kwamba siku hizi pindo zake zinakwenda mwendo wa nyoka, na wateja wengi walikuwa wamemkimbia. Mwaka jana nilimkuta amevaa miwani, anashona pindo iliyonyooka, nikampongeza. Akaniambia kwamba alikuwa karibu kupofuka. Alikuwa akishona kwa kupapasa, akificha, akiogopa kunyang'anywa kazi yake ya pekee. Siku moja kwenye gari la manjano, wakisubiri robot, ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani, igeuke kijani, alimwuliza kijana kama taa imekwisha kuwaka. Kijana akamwuliza kwa nini haioni. Mama akaanza kulia hapo hapo barabarani, paa limefunguliwa, watu wanatazama. Wiki ile kijana aliomba ruhusa kazini, akampeleka kliniki ya macho, akarudi naye mara ya pili kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akamshika mkono ngazi zote za nyumbani kwake.

Mama huyo nilimbeba mimi miaka minne. Alikaa safu ya katikati, upande wa dirisha la kushoto. Najua kona anayoshukia, na najua kwamba hufunga mlango kwa nguvu mno. Ndiyo yote niliyoyajua. Gari langu lilijaa watu kila Jumapili, nami nikajihesabu kuwa mtu wa watu, kumbe nilikuwa nahamisha abiria tu. Waliongea wao kwa wao, nikawasha redio. Sisemi viti saba ni vibaya, mvua ikinyesha wote mtavitaka. Nasema nilimpima kijana kwa idadi ya viti kwa kuwa hicho ndicho kipimo nilichokuwa nafuzu mimi. Tunawaonea vijana wetu hivyo mara nyingi. Tunawaandikia wajibu wao kabla mshahara haujaingia, na wakichukua kipande kidogo cha furaha tunasema wametusahau, bila kungoja kuona furaha hiyo itawafanya watu wa namna gani.

Basi siku ile niliposimuliwa habari ya macho, nilipaswa kurudi nyumbani nikaandika hapa hapa kwamba nilikosea. Sikuandika. Nilijiambia nitafute nafasi nzuri. Mara uchaguzi ukaja, mara mgomo wa wanafunzi, mara nikaona aibu kwamba muda umepita. Nilipokutana naye nilimsalimia kwa uchangamfu mno, kama mtu anayetaka uchangamfu uchukue nafasi ya maneno. Naye hakudai kitu. Kwenye matanga mama yake aliniambia kwamba aliwahi kumsukuma mwanawe anijibu, aandike barua kwa mhariri, naye akakataa. Alisema Papa Prof ni mtu mwenye akili, atajua mwenyewe. Naam, nilijua. Mwaka mzima nilijua, na ndilo linaloniuma.

Yaliyo juu niliyamaliza juzi. Kwa kuwa aliyedhalilishwa saluni ni mama, niliona ni haki ayasikie yeye kabla yenu, nikayapeleka Yeoville. Alikuwa anamsuka msichana mmoja. Nikavuta kiti, nikasoma kwa sauti tangu mwanzo, na wateja wakazima simu zao. Mama hakusimamisha mikono. Nilipofika kwenye habari ya kikopo alikaza uzi kidogo, msichana akashtuka, naye mama akamwomba radhi. Nilipomaliza nikamwuliza kama kuna la kuondoa. Aliendelea kusuka mstari mpaka ukaisha, akaukata uzi, ndipo akaniangalia.

"Iko muzuri, Prof," alisema. "Lakini mimi nilikuwa najua. Yeye njo alipaswa kusikia."