Masizi ya Upande wa Kulia

Jeddah nilikuwa nimeshazoea. Majumba ya mawe ya matumbawe, chokaa, madirisha ya mbao, unyevu unaobandua leo ulichokipaka jana. Kisha kafili, Msaudi aliyenidhamini na kuniajiri, akapata kazi Riyadh, kukarabati nyumba ya udongo ya zamani upande wa Murabba, akataka mtu mwenye mkono mwepesi wa kuchonga jasi. Nikachaguliwa mimi. Nadhani ni kwa sababu sibishani.

Nyumba ile ilikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona Jeddah. Ukutani majlisini, chumba cha kupokelea wageni, wamejenga jiko la kahawa, wenyewe huliita wijari. Si la kupikia wali. Ni la kukoka moto mbele ya wageni, na ubavuni pana rafu za jasi za kupanga madele ya kahawa, zimechongwa nakshi za nyota. Moshi hutokea kwenye tundu la darini. Rafu zilikuwa zimevunjika na nyota zimelika, na ukuta wa nyuma ya moto ulikuwa mweusi hadi unang'aa.

Kazi yangu ilikuwa rafu na nyota. Ukuta ule mweusi hakuna aliyeniambia lolote juu yake, mpaka siku mwenye nyumba alipopita. Alisimama mlangoni, simu sikioni, akaelekeza fimbo yake kwenye weusi ule akaniambia neno moja. Nikasikia "hallis". Maliza. Kutwa nzima pale kazini ni halas, hallis, yalla, kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa, naye akaenda zake akiongea na simu.

Ningeweza kumuuliza nimalize nini. Sikuuliza. Kumuuliza mtu mzima swali kunanitoa jasho hata kwa Kiswahili. Nikachukua kisu cha kukwangulia na sifongo, nikaanza upande wa kulia. Masizi yale yalikuwa magumu kama lami. Siku mbili nilikwangua, upande wa kulia ukawa mweupe, nami nikasimama mbele yake nikiuangalia kwa furaha.

Msimamizi wetu, mtu wa Yemen aliyejua Kiswahili cha kuungaunga kwa kuishi na sisi, aliingia akashika kichwa.

"Nani kasema wewe safisha?"

"Baba mwenye nyumba."

"Kasema nini?"

"Hallis."

"Hallih! Hallih, ewe mtu! Maana yake acha! Acha kama ilivyo!"

Akanieleza, akipunguza sauti kila alipokumbuka kuwa kuna watu. Kwa watu wa hapa, wijari nyeupe ni ya nyumba isiyopata mgeni. Masizi yale aliyaacha marehemu baba yake mwenye nyumba, kwa kukoka moto kila siku maisha yake yote. Nyumba nzima inatengenezwa kwa ajili ya ukuta ule.

"Anakuja Alhamisi," akasema. "Akiona hii, wewe chukua sanduku. Mimi siwezi kukusemea."

Nyumbani Tanga walikuwa ndio kwanza wameanza kupumua kwa kazi yangu. Nilikaa juu ya ndoo.

Mwenzangu wa Mombasa, fundi wa dari, alishuka ngazi akatazama upande mweupe, akatazama upande mweusi. "Lo! Mzee wa watu umemnyoa ndevu upande mmoja!"

"Usinicheke."

"Sikucheki, nakuhurumia huku nacheka. Sikiza, yakhe. Tuchome maboksi na kipande cha mpira, tuchanganye na mafuta, tupake."

"Atajua."

"Atajuaje? Masizi yana ikama, kibali cha kuonyesha polisi?"

Tukapaka Jumatano. Ukisimama mlangoni hukuona tofauti. Lakini mimi sikuweza kusimama mlangoni, wala kukaa, wala kufanya kazi. Niliharibu nyota mbili kwa kuchonga huku nageuka nyuma. Chumbani kwetu, mtaa wa Shumaisi, nilinawa mikono mara tatu na kucha zikabaki nyeusi. Wenzangu walipokula mimi nilizunguka na sahani. Nilitamani Alhamisi isifike, halafu nikatamani ifike ipite.

Ilifika. Mwenye nyumba aliingia baada ya alasiri amevaa kanzu nyeupe ya kupigwa pasi, safari hii bila simu. Hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye wijari, akainama kutazama rafu, akanyoosha mkono wa kulia ili ajiegemeze ukutani. Nikauona mkono wa kanzu unausogelea ule uchafu wetu wa mpira na mafuta.

"Usiguse, baba!"

Ilinitoka kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mzee alibaki na mkono hewani. Nikajua sasa lazima niendelee, nikaokota Kiarabu changu chote nilichonacho: hii mafi ya baba yako. Ya baba yako, mimi halas. Yaani hii si ya baba yako, ya baba yako nimeimaliza mimi.

Mwenzangu wa Mombasa alifumba macho. Msimamizi akaingilia kati, akaeleza vizuri zaidi, hallih na hallis, akinionyesha kwa kidole. Mzee alipaka ncha ya kidole chake kwenye ukuta, akakinusa, akauliza kitu kuhusu mafuta. Kisha akaketi kwenye baraza ya udongo na kuashiria nifute.

Nilifuta mbele yake. Upande wa kulia uliporudi kuwa mweupe aliutazama muda mrefu, na mimi nikatazama miguu yangu.

"Chai yao wanachemshia wapi?" alimuuliza msimamizi, ambaye baadaye alinitafsiria yote.

"Nje, kwenye jiko la gesi."

"Kuanzia leo wachemshie hapa. Kuni nitaleta."

"Mpaka lini, bosi?"

"Mpaka upande huo uwe mweusi. Huyu ndiye atakoka."

Kama ilikuwa adhabu au msamaha, hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Sanduku langu lilibaki chini ya kitanda. Mzee alileta kuni za mgunga, na mara nyingine alikaa na sisi akanywa kikombe kimoja bila sukari, amenipa mgongo.

Mimi chai ya wenzangu haikunitosha, nilitaka moshi. Nilichemsha asubuhi, saa sita, alasiri. Nilialika mafundi umeme, nikaalika dereva wa mchanga, nikamwita mlinzi wa nyumba ya jirani ambaye alikuwa amefunga saumu. Kila walipoondoka nilitia kidole ukutani kuona kama masizi yameshika. Miezi mitatu baadaye kafili alinirudisha Jeddah, na upande wa kulia ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa tu. Nilimwomba mwenzangu wa Mombasa, aliyebaki, aendelee kukoka. Alinijibu kwamba yeye chai imeshamkinaisha, ila atajaribu.