Bertha wa Kaunta ya Malalamiko

Kwa miaka kumi na tisa Bertha Asheri alikaa kwenye kaunta ya malalamiko ya duka la Taimur Baridi, barabara ya kumi na mbili, mjini Tanga, na katika muda wote huo hakuna mteja aliyepata kuyaona meno yake. Hakuwa mkali. Ndivyo sura yake ilivyokuwa. Alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge upande wa Pongwe, katika nyumba ya Kilutheri ambamo watu hawakucheka bila sababu. Hata picha yake ya harusi, ukiitazama, utadhani ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho.

Duka liliuza friji na friza zilizoundwa nje ya nchi na kubandikwa jina la duka. Mwenyewe alikuwa Mzee Taimur, ambaye babu yake alitoka Omani akanunua mashamba ya minazi, na ambaye yeye mwenyewe aliuza minazi akanunua friji. Mteja akija na malalamiko, Bertha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Ilianza lini?" Akishajibiwa, alisema ukweli. Kama fundi angeweza kutengeneza, alitaja siku. Kama haitengenezeki, alisema haitengenezeki. Mwalimu mmoja aliwahi kuambiwa kwamba friji yake ni nzima, ila yeye anaifungua mno. Aliondoka amefura. Mwaka uliofuata alirudi kununua ya pili.

Mambo yalibadilika Qais, mtoto wa Mzee Taimur, aliporudi kutoka Muscat, alikosoma na kufanya kazi miaka saba. Qais aliamini kwamba biashara si bidhaa, bali ni kile mtu anachohisi akisikia jina lako. Baba yake alisema sawa. Basi duka likapakwa rangi ya buluu, wafanyakazi wakashonewa sare, na kwenye kaunta ya Bertha kikawekwa kishikwambi chenye sura tatu: moja inacheka, moja haina neno, moja imenuna. Mteja akimaliza shida yake, abonyeze sura moja aondoke.

Baada ya miezi miwili Qais alisoma matokeo. Kati ya kila wateja kumi wa Bertha, saba walibonyeza iliyonuna.

Alimwita ofisini na kumkalisha vizuri, maana alipokuwa mdogo Bertha alikuwa akimnunulia ubuyu.

"Dada Bertha, wateja hawaridhiki."

Bertha aliuliza ni wateja gani. Qais alisema chombo hakiandiki majina. Bertha akasema hapo basi hajui ampigie nani amuulize.

Alipelekwa kwenye semina ya nusu siku katika hoteli moja ya Raskazone. Mwalimu wao aliwaambia watabasamu hata wanapoongea kwa simu, kwa kuwa tabasamu linasikika. Kesho yake Bertha alijaribu. Mteja wa kwanza kutabasamiwa, mzee aliyekuja kwa shida ya mlango wa friji yake, alimuuliza kwa upole kama amefiwa. Bertha alisema hapana, akaacha kutabasamu, wakaendelea na mlango.

Wiki hiyohiyo alihamishiwa kwenye ghala la duka, Pongwe, akapokee na kutoa maboksi. Hakulalamika. Kwa miaka yote malalamiko ya Taimur Baridi yalipelekwa kwake, na hakujua ayapeleke wapi ya kwake.

Mahali pake alikaa Precious, binti wa kutoka Lushoto, mchangamfu, mwenye sauti nzuri ya kwaya. Qais alimpa karatasi yenye maneno ya kumwambia mteja, na Precious akayahifadhi yote kwa siku moja.

Karibu na Ramadhani iliingia shehena mpya ya friza, na miongoni mwa walionunua alikuwa Bi Fakhria, mchuuzi wa samaki wa Tongoni na mteja wa siku nyingi. Wiki ya tatu, asubuhi, alifunua friza akakuta taa inawaka na samaki wamelegea. Walikuwa changu na nguru wa kumtosha siku nne. Akaja mjini. Precious alimpokea kwa tabasamu, akamkalisha, akampa namba, akamwambia malalamiko yake ni muhimu sana kwao na atapigiwa simu ndani ya siku tatu. Bi Fakhria alitoka ameridhika, hata akabonyeza sura inayocheka. Hakupigiwa. Alirudi, akapewa namba nyingine na tabasamu lilelile.

Mara ya tatu alimwambia Precious kwamba yeye ni mtoto mzuri na Mungu amweke, lakini anamtaka yule asiyecheka. Precious hakuwa na maneno ya jambo hilo kwenye karatasi yake. Alichukua kalamu akamwandikia njia ya kufika ghalani.

Bertha alikuwa anahesabu maboksi alipomwona mlangoni. Akamshika mkono.

"Shikamoo, Bi Fakhria."

"Marahaba, mwanangu. Ndiko walikokuficha?"

"Wamenihamisha."

Bi Fakhria alieleza habari ya friza na samaki, na Bertha akamwacha amalize.

"Ilianza lini?"

Bi Fakhria alikaa kwenye boksi akalia. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakulia samaki walipooza. Alilia pale alipoulizwa, kwa sababu mara mbili za kwanza mjini alishukuriwa tu, hakuulizwa kitu.

Bertha alimwacha alie, akampa chai, kisha akafungua maboksi ya shehena ileile na kuchomeka friza tatu kwenye umeme. Walikaa kuzisubiri. Ilipofika alasiri mbili zilikuwa zimeshika baridi. Ya tatu taa yake iliwaka vizuri na ndani kulikuwa na joto kama chumbani. Bertha alimwita Mathew, fundi wa duka, ambaye aliifungua na kukuta themostati, kile kifaa kinachoamuru baridi ije au ikatike, imekufa. Walichomeka nyingine kumi. Nne zilikuwa hivyohivyo.

Friza mia moja na kumi na mbili za shehena hiyo zilikuwa zimeshauzwa. Bertha alimpigia Qais akamweleza. Qais akasema wasitishe watu, wasubiri waone ni wangapi watakaolalamika, maana jina la duka ndiyo kwanza limeanza kupendeza. Bertha alisema amesikia. Alikata simu, akafungua daftari la kutolea mizigo, ambamo kila mteja aliyefikishiwa friza alikuwa ameandika namba yake, akaanza na wa kwanza.

"Mimi Bertha wa Taimur Baridi. Friza uliyonunua kwetu inaweza ikaacha kugandisha huku taa inawaka. Toa vitu vyako leo. Fundi atakupitia wiki hii."

Wengine walishukuru. Wengine walikuwa wameshatupa nyama, wakamtukana. Bertha alisubiri wamalize, kisha akawauliza siku gani watakuwepo nyumbani.

Kesho yake Qais alifika ghalani pamoja na baba yake. Alikuwa amepata habari kutoka kwa mama ntilie aliyepigiwa simu. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu baba yake alikuwepo, kwamba Bertha amewatangazia watu sabini kuwa bidhaa zao ni mbovu.

"Hamsini na nne," Bertha alisema. "Wengine hawajapokea."

Mzee Taimur aliuliza hao hamsini na nne wamesema nini. Bertha alimsomea, pamoja na matusi, kwa sauti ileile moja. Mzee alisikiliza yote. Kisha aliuliza wamebaki wangapi, akaambiwa hamsini na nane. Alivuta kiti, akatoa miwani na simu yake, akaomba ukurasa mmoja wa daftari.

Qais alisimama muda mrefu akitazama maboksi. Mwishowe naye akaomba ukurasa. Simu yake ya kwanza aliianza kwa kusema kwamba Taimur Baridi inathamini sana uhusiano wake na wateja, akakatiwa. Kufikia ya nne alikuwa anasema jina lake na tatizo la friza, basi. Walipiga mpaka adhana ya magharibi.

Mathew na mafundi wawili wa kukodi walibadilisha themostati kwa wiki tatu. Wateja thelathini na mmoja walirudisha friza zao na hawakuonekana tena. Bi Fakhria alipewa friza nyingine. Bertha alimwambia waziwazi kwamba samaki hatalipwa, na Bi Fakhria alisema alijua, ila alitaka kuambiwa. Precious alimwomba Qais ruhusa ya kuiweka ile karatasi kando, naye Bertha akarudishwa kaunta, wakawa wanakaa wawili.

Miezi miwili baadaye watu wa Tongoni walinunua friza kumi na moja kwa mpigo. Qais hakuelewa. Akaenda mwenyewe kuwauliza wamevutiwa na nini, rangi mpya au nembo. Walimwambia wamesikia kuna duka linalokupigia lenyewe kukwambia kitu chake ni kibovu. Qais aliandika maneno hayo, lakini hakuona namna ya kuyaweka kwenye bango. Kabla hajaondoka aliuliza pia habari ya kishikwambi. Muuza barafu mmoja aitwaye Shekhe alisema yeye ameibonyeza sura iliyonuna mara nyingi tu.

"Si ndiyo picha ya Bertha?" aliuliza. "Nilidhani mnataka kujua nani amenihudumia."

Kishikwambi kiliondolewa wiki hiyo.

Katika daftari ilibaki namba moja ambayo haikupata kupokelewa, ya mtu aitwaye Abrahamu, wa Mkwaja. Jumamosi moja Bertha na Mathew walipanda basi la alfajiri kumfuata, na themostati kwenye mkoba. Walimkuta nyumbani. Alisema simu ilitumbukia kisimani. Friza ilikuwa sebuleni, juu yake kitambaa cha kufuma. Bertha aliifunua akakuta ndani nguo zilizokunjwa, shuka mbili na vyeti vya shule vya watoto kwenye bahasha.

Abrahamu alieleza kwamba nguzo za umeme hazijafika nyumbani kwake, lakini alinunua mapema ili zikifika zimkute tayari. Alisema friza haijamsumbua hata siku moja.

Bertha alimweleza hata hivyo, tangu mwanzo. Mathew akabadilisha themostati. Abrahamu aliuliza kama sasa ni nzima, na Bertha akamwambia bila umeme haiwezi kujaribiwa, kwa hiyo hajui. Nguzo zikifika awashe, aangalie kama inagandisha, aazime simu apige.

"Zitafika lini?" Abrahamu aliuliza.

Bertha alimwambia na hilo halijui.

Abrahamu aliitikia kwa kichwa, akarudisha nguo, kisha shuka, kisha bahasha, akafunika. Akawapa nazi nne za njiani, na wakawahi basi la saa nane.