Binti Aliyeomba Kompyuta Ifunguliwe

Jumanne nilikuwa nasubiri kutoa kopi kwenye duka la kompyuta pale Makandana, alipoingia binti na baba yake kutoka kijiji cha Lupepo. Binti alimweleza muuzaji kwamba anatengeneza katuni za hadithi za Kinyakyusa kwa simu, na simu imeelemewa. Alitaka kompyuta ya kuchorea na kuchezea gemu, ila fedha ni kidogo.

Muuzaji akamwonyesha moja inayowaka taa za rangi. "Hii ndiyo ya vijana."

"Naomba uifungue ubavuni, kaka," alisema binti. Akachungulia ndani kwa muda. "Haina kadi ya picha, ile inayoendesha michoro na gemu. Hapa nitakuwa nimenunua taa."

Akachagua kompyuta kuukuu ya ofisini iliyowekwa chini ya meza. Akasoma maandishi ya pawasaplai yake kuona inatoa umeme kiasi gani, kisha akaomba aongezewe ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kadi ya picha iliyotumika, ile ndogo isiyokula umeme mwingi. Muuzaji alipomaliza kuvipachika, binti akasema, "Tuijaribu kabla sijalipa."

Akachomeka flashi yenye katuni yake. Kima akatokea kwenye skrini, akaruka migombani bila kukwama, na sauti iliyosimulia ilikuwa ya yule baba. Mzee akavua kofia.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru taratibu.

Kisha binti akafungua gemu la magari.

"Na hii nayo ni kazi?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Hii ni ya kupumzikia."

Muuzaji alikaza skrubu za ubavuni kwa heshima. Nami nikachukua kopi zangu. Kompyuta ninayoandikia safu hii niliichagua kwa rangi yake.